Tezi Nne za Malkia na Shingo ya Mama Nasimiyu

Shule niliiacha darasa la nne. Mwalimu alipofika kwenye hesabu za sehemu, mimi nikafika mlangoni. Lakini mikono iliendelea kusoma. Miaka thelathini na sita nimekama ng'ombe katika shamba moja la maziwa upande wa Saboti, nje kidogo ya Kitale, mpaka vidole vikawa vinene kama ndizi za kuchoma. Sasa nimestaafu, niko kwangu hapa karibu na chuo cha Kibabii, na nyinyi wanafunzi mliopanga vyumba vyangu mnaniuliza kila jioni, "Mzee Wekesa, haya mambo ya tezi na homoni uliyajulia wapi na hukusoma?" Nimechoka kujibu kwa mdomo huku mmeinamia simu. Nimeandika. Someni.

Habari yenyewe ni fupi, mimi ndiye mrefu. Ni habari ya Jumapili moja ambayo nusura nimpoteze Mama Nasimiyu, mke wangu, yule anayewagombeza mkiacha mfereji wazi. Nusura nimpoteze kwa ajili ya tezi nne, kila moja kama punje ya mchele. Na aliyemwokoa ni ng'ombe ambaye alishakufa siku nyingi.

Kwa hiyo lazima nianze na ng'ombe. Vumilieni.

Malkia alikuwa Friziani wa madoa makubwa, kiwele kama gunia la mahindi lililofungwa na mlevi. Tajiri wetu, Bwana Harbans, alikuwa Kalasinga wa kilemba cha samawati, na Kibukusu alikiongea kuliko watoto wenu wa siku hizi. Akifika asubuhi alimsalimia Malkia kwanza, halafu mimi, halafu mkewe. Wakati ninaosimulia, Malkia alikuwa amekaushwa, hakamwi, anangoja kuzaa mara ya nne. Mimi nilimpenda, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Nilijua maziwa yanatoka na kalsiamu, ile kitu inajenga mifupa. Nikajiambia: huyu atatoa maziwa mengi, basi nimwekee akiba mapema. Wiki za mwisho kabla hajazaa nikamlisha lusini, majani ya malisho yenye kalsiamu nyingi, asubuhi na jioni, nikamwongezea chumvi ya madini mpaka akaanza kulamba ukuta wa zizi kwa mazoea tu. Wenzangu wakaniuliza, "Wekesa, huyo ni ng'ombe ama ni bibi harusi?" Nikawaambia wangoje, wataona.

Waliona. Malkia alizaa Ijumaa, ndama jike mzuri. Mimi nikaongeza kosa la pili, lile la kujigamba ambalo wakamaji wengi wa zamani walikuwa nalo. Nikamkama siku hiyo hiyo mpaka tone la mwisho. Ndoo mbili za dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, nikapita nazo polepole mbele ya watu kama mtu amebeba kikombe cha mpira.

Kesho yake asubuhi nikamkuta amelala chini. Shingo ameipindia ubavuni kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, pua kavu, masikio baridi kama chupa ya soda. Bwana Harbans alikaa kwenye matope na suruali yake safi, akamwita jina lake. Malkia hakugeuka.

Akaitwa daktari wa mifugo. Nilitarajia mwanamume mwenye tumbo. Kwenye pikipiki akashuka msichana mwembamba wa huko Mlima Elgon, buti zimemzidi miguu, anaitwa Daktari Chebet. Nikacheka kidogo, Mungu anisamehe.

"Baba, mbona unacheka?"

"Si kitu, binti yangu. Nauliza tu daktari atafika saa ngapi."

"Ameshafika. Kamata kichwa."

Nikakamata. Akapima masikio, akasikiliza moyo, akaniuliza maswali mawili. Umemlisha nini? Nikajibu kwa kifua. Ukakama kiasi gani? Nikajibu kwa kifua zaidi. Akaniangalia vile mtu anamwangalia kuku aliyeingia jikoni mwenyewe.

Alitoa chupa ya kalsiamu, akaiweka kwanza ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu ipate joto la mwili. Halafu akachoma sindano kwenye mshipa wa shingo, akainua chupa juu kidogo tu. Dawa ikaingia kwa utaratibu wa mtu mvivu. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Daktari, inua chupa iingie haraka! Si unaona anakufa?"

"Nikiinua ndiyo atakufa. Moyo unapiga kwa kalsiamu. Ikipungua unachoka, ikija kwa fujo unasimama. Wewe shika hii chupa hapa hapa, uhesabu polepole mpaka mia, ukimaliza anza tena."

Mia niliijua. Nikahesabu. Na yeye, akiwa ameweka sikio kwenye kile kifaa cha kusikiliza moyo, akanifundisha masomo ambayo mwalimu wangu hakuyafikia.

"Shingoni mwa ng'ombe, na shingoni mwako pia, Baba, kuna tezi ndogo nne. Kazi yao ni kupima kalsiamu iliyo ndani ya damu. Ikishuka, zinatoa homoni, ni kama ujumbe. Hakuna bomba la kuupeleka, zinaumwaga kwa damu tu, damu inaufikisha. Ujumbe unaambia mifupa ifungue ghala, unaambia figo zisimwage ovyo, na unafanya utumbo uvune zaidi kwenye chakula."

"Sasa hizi za Malkia zimekufa?"

"Zimelala. Wewe ndiye umezilaza. Kila siku unamjaza kalsiamu, tezi zinapima, zinaona damu imeshiba. Ni kama askari wa geti ambaye mwaka mzima hajaona mwizi. Siku ya kuzaa, kiwele kikavuta kalsiamu yote kwa mara moja, na wewe ukasaidia na ndoo mbili. Kengele inalia, askari bado anatafuta viatu."

Niliendelea kuhesabu. Askari huyo nilimjua, tulikuwa naye mmoja pale getini kwetu.

Chupa ilipopita nusu, ngozi ya Malkia ikaanza kutetemeka, masikio yakasogea. Halafu akabeua. Beuo refu, la harufu ya lusini, usoni mwangu kabisa.

"Haya," Daktari Chebet akasema, na mara ya kwanza akatabasamu. "Hiyo ndiyo asante yake. Ng'ombe wa homa ya maziwa akibeua, ujue tumbo limeamka. Mshukuru Mungu."

Nikashukuru nikijipangusa. Baadaye Malkia akanya, mnisamehe mnaokula, akasimama, akamtafuta mtoto wake. Bwana Harbans alimsalimia daktari kwanza siku hiyo. Mkewe akawa wa tatu, mimi wa nne.

Nyinyi mnaotaka kufuga, chukueni haya bure. Ugonjwa huo unaitwa homa lakini mwili unakuwa baridi, msidanganyike na jina. Ng'ombe akianguka hivyo, msimwache alale ubavu akajaa gesi, mkingieni magunia akae kifua chini. Wiki za mwisho za mimba punguzeni lusini na madini ya kalsiamu, tezi zikae macho, halafu mumpe akishazaa. Siku za kwanza msikame mpaka kiwele kikauke, hata kama jirani anaangalia. Na vipimo msiniulize mimi, mwiteni daktari. Hata akiwa mwembamba.

Sasa nikae kidogo kwenye sukari, maana bila sukari hamtaelewa ile Jumapili.

Miaka ilipita, Daktari Chebet akawa anakuja shambani kila mara, na buti zikamtosha. Siku moja tunachanja ndama, akasimama nyuma ya banda la kukamia, anaangalia chini.

"Baba, hawa sisimizi wamefuata nini hapa?"

"Labda molasi imemwagika."

"Molasi mnaiweka upande ule. Hapa ni nani anakuja?"

Nikakohoa. Hapo palikuwa pahali pangu pa kukojoa, na siku hizo nilikuwa nakwenda mara nyingi, kwa sababu nilikuwa nakunywa maji kama mtaro. Akanitazama na yale macho ya kuku jikoni.

"Kesho usikame. Kesho uende hospitali wakupime sukari."

Nilipimwa. Nesi aliangalia mashine, akaniangalia mimi, akaangalia mashine tena: kisukari. Na mnajua sisi watu wa Bungoma. Tumekulia katikati ya miwa, ukilia mtoto unapewa muwa, ukinyamaza unapewa mwingine wa kukupongeza. Chai yangu ilikuwa vijiko vinne, na cha tano cha kuonja kama vinne vimetosha.

Daktari Chebet akanieleza tena, kwa njia yake. Nyuma ya tumbo kuna kongosho. Inasaidia kusaga chakula, lakini pia ni tezi, inatuma wajumbe wawili kwenye damu. Mmoja ni insulini. Ukishakula, anaambia misuli na ini: fungueni mlango, ingizeni sukari ndani. Mwingine anaitwa glukagoni. Ukikaa na njaa, anaambia ini litoe akiba. Hao wawili wanafanya kama watu wa msumeno wa mikono miwili, mmoja akivuta mwingine anaachia. Wote wawili wakivuta pamoja, mbao haikatiki.

Kwangu mimi insulini inabisha hodi, lakini mlango umekuwa mkaidi, na kongosho yenyewe imechoka kupiga kelele. Kwa hiyo sukari inabaki barabarani, kwenye damu, inaharibu macho, figo na miguu kidogo kidogo bila kuuma. Ikizidi inamwagikia kwenye mkojo, wale sisimizi wanaarifiwa. Nikaanza vidonge, nikapunguza ugali, nikaanza chai ya rangi bila sukari. Mwezi wa kwanza nililia kila asubuhi. Mwezi wa tatu nikagundua chai ina ladha yake mwenyewe.

Lakini nikafanya kosa, kama kawaida. Siku moja nilimeza kidonge nikaenda kurekebisha ua kabla ya kula. Jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, nikawaona ng'ombe wawili pahali pa mmoja. Mama Nasimiyu akanikuta nimeshikilia nguzo, akanipa soda, na baada ya dakika chache nikawa mtu tena. Sukari ilikuwa imeshuka. Alitangaza ushindi huo kanisa zima. Tangu siku hiyo, kwa akina mama wa kanisa letu, mtu yeyote akitetemeka dawa ni moja: soda.

Mmefika sasa kwenye Jumapili.

Mama Nasimiyu alikuwa na goita, rovu la shingo, yaani tezi kubwa ya shingo imevimba. Lilianza kama limau, likakua mpaka kola ya gauni la kanisa ikakataa kufunga. Akaenda kupasuliwa kwenye hospitali kubwa, mbali na hapa. Walimpasua vizuri. Jumamosi tukarudi nyumbani na bandeji shingoni, dawa ya maumivu, na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Karatasi hiyo niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia nije niitafutie msomaji. Nyinyi mlikuwa mmefunga chuo. Hilo nalo ni kosa langu, liandikeni pamoja na mengine.

Jumapili baada ya ibada akina mama wakaja kushukuru, wakiongozwa na Mama Rebeka, jirani yetu. Wameketi, chai imemiminwa, Mama Nasimiyu akajigusa mdomo.

"Midomo inanichezacheza. Kama sisimizi wanatembea."

"Ni uchovu wa safari," Mama Rebeka akasema.

Halafu kikombe kikamtoka. Vidole vyake vya mikono yote miwili vikajikusanya, vikanyooka vikiwa vimeshikana, na kidole gumba kikalala ndani ya kiganja, kama mtu anayechota chumvi. Akajaribu kuvifungua, vikakataa. Macho yake yakanitafuta mimi.

"Baba Nasimiyu, mikono yangu."

"Sukari!" Mama Rebeka akapiga kelele. "Hata yeye sasa! Leteni soda!"

Ikaletwa chupa nzima, wakamnywesha yote mpaka tone la mwisho, mmoja anashika kichwa mwingine anashika chupa. Tukangoja. Sasa miguu nayo ikaanza kukaza. Mmoja akasema si sukari, ni mtu amemwangalia vibaya huko hospitali. Wakasimama wakaanza kuomba kwa sauti, wote kwa pamoja.

Mimi simdharau anayeomba. Lakini nilikuwa nimesimama pale na akili yangu inatembea polepole kama chupa ya Daktari Chebet. Kama ni sukari, soda ingemwamsha vile iliniamsha mimi. Haijamwamsha. Basi si sukari. Wamemfanya nini juzi? Wamemkata shingo. Na shingoni kuna nini?

Nne. Kama punje za mchele. Hapo hapo rovu lilipotolewa.

Nawaambia ukweli ambao sikumwambia pasta: nilikimbilia stoo. Nina ng'ombe wangu mmoja, na stoo kulikuwa na chupa ya kalsiamu na sindano. Shingo za ng'ombe nimesaidia kuchoma mara nyingi kuliko miaka yenu. Mkono ulishafika kwenye chupa. Lakini nikasikia sauti ya yule msichana mwembamba, moyo unasimama, na mkono mwingine ukatoa simu. Daktari Chebet sasa ni mtu mzima, yuko Kitale, ana wasaidizi wake. Alishika simu haraka. Nikamweleza kwa pumzi moja.

"Baba, uko na chupa mkononi?"

"Nimeshika tu."

"Weka chini."

"Nimeweka."

"Sijasikia ikigusa meza."

Nikaiweka. Iligusa meza.

"Hiyo ni ya ng'ombe, na Mama si Malkia. Mpeleke hospitali hapo Bungoma sasa hivi. Uwaambie hivi: ametolewa tezi ya shingo juzi, vidole vinakakamaa, wapime kalsiamu. Yarudie."

Nikayarudia. Halafu nikauliza, maana siku zote mimi ni mwanafunzi wa swali la mwisho: "Lakini Malkia alilegea. Huyu anakakamaa."

"Ng'ombe analegea, mtu anakakamaa, tezi ni zilezile. Si uende, bana!"

Mtoto wa kaka yangu ana bodaboda. Tukampandisha katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, mikono yake imejikunja mbele ya kifua kama mtu anayeomba. Njia nzima nilikuwa narudia yale maneno ya Daktari Chebet kwa sauti, nisiyadondoshe kwenye mashimo.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, rika lenu. Akapima sukari.

"Mzee, sukari yake iko sawa, iko juu kidogo tu."

"Hiyo ni soda ya Mama Rebeka. Daktari, ametolewa tezi ya shingo juzi, vidole vinakakamaa, mpime kalsiamu."

Akaacha kuandika. "Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mkamaji."

"Msikilize," Mama Nasimiyu akasema, meno yamebana. "Amesomea kwa ng'ombe."

Kijana akataka kucheka, lakini alikuwa na adabu ya kazi. Akasogea, akamgonga na kidole shavuni, mbele ya sikio, polepole. Upande huo wa mdomo ukaruka wenyewe. Akagonga tena, ukaruka tena. Kicheko kikamwishia; baadaye alinifundisha kwamba mishipa ya fahamu huruka hivyo kalsiamu ikishuka. Akaita nesi, wakachukua damu, wakaweka nyaya za kusikiliza moyo, wakaleta dawa ya kalsiamu, ile ya watu.

"Polepole, daktari."

"Najua, mzee."

"Ikija kwa fujo moyo unasimama."

"Mzee, najua."

"Nihesabu?"

Akashusha pumzi. "Hesabu basi. Kimoyomoyo."

Nilianza kimoyomoyo, lakini nilipofika ishirini sauti ikatoka yenyewe na hakuna aliyenikataza. Nilikuwa nimeshika ule mkono mgumu. Mkono huo nimeujua tangu ukiwa wa msichana wa kuchota maji, umenipikia, umenizaba kofi moja ambalo nilistahili. Nilihesabu mia ya kwanza, hakuna kitu. Mia ya pili, hakuna kitu, na mimi nikaanza kuruka namba kwa woga, nikarudi nyuma nizisome zote. Katikati ya mia ya tatu kidole gumba kikatoka ndani ya kiganja, polepole, kama kobe anayechungulia. Halafu vingine vikafuata. Akanifinya.

Yule kijana alinieleza baadaye kwamba wakitoa rovu, zile tezi nne ndogo zimeshikamana nalo nyuma, zinaweza kuumia au kukosa damu, zikazimia. Wakati mwingine zinaamka, wakati mwingine haziamki. Za Mama Nasimiyu zimeamka kiasi, baada ya miezi. Ile karatasi nayo tuliisoma hatimaye. Ilikuwa imesema yote: midomo ikichezacheza, vidole vikikaza, rudi haraka. Kwa hiyo karatasi ya hospitali usiiweke ndani ya Biblia kabla hujasomewa. Siku hizi asubuhi tunakaa mezani, yeye na kalsiamu yake, mimi na vidonge vyangu vya sukari, kila mmoja akimchunga mwenzake ameze. Ndiyo maana mnasikia kelele saa moja.

Lakini kuna kitu nimekiruka makusudi.

Pale hospitali, vidole vilipofunguka, sote tulikuwa tunauangalia ule mkono. Nesi amesimama, daktari ameshika sindano, mimi nimeishia mia mbili sitini na kitu. Na Mama Nasimiyu, mwenye soda nzima tumboni iliyokuwa imengoja tangu nyumbani, akabeua. Beuo refu. Usoni mwangu kabisa.

"Asante Mungu!" nikapiga kelele huku nikicheka, nikaruka juu, nikamkumbatia nesi ambaye simjui. "Amebeua! Amepona!"

Daktari kijana akanitazama, akatazama mashine ya moyo, akanitazama tena. Mama Nasimiyu akaona haya, akajifunika mdomo kwa mkono wake uliofunguka.

"Baba Nasimiyu, sasa unachocheka ni nini?"

Nikamwambia ni furaha tu, Malkia sikumtaja. Mpaka leo anaamini hivyo. Mkipita sebuleni, karatasi hii ikunjeni vizuri, na msimwambie.